Zulia la Wakfu Nyumbani kwa Ernestine

Viatu ndivyo vilivyotangulia. Ernestine Byamungu, mjane wa Uvira, Kongo, aliyepanga nyumba ya chini huko Hopkins, kando ya Minneapolis, alirudi kutoka kazini mchana akakuta viatu vyote vya nyumba yake vimepangwa nje, juu ya theluji, ncha zikielekea barabarani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watoto walikuwa shuleni.

Akampigia simu mwenye nyumba, Badawy bin Athman. Kwao Lamu ndivyo alivyoitwa. Minneapolis alijiita Mista Badi, kana kwamba jina la baba ni mzigo wa mtu mwingine.

"Patron, viatu viko inje. Na zulia linanuka udi."

"Wewe uliyelala kambini juu ya turubai, leo unalitia ila zulia?"

"Turubai ya kambi haikukuwa na watu ndani, patron."

Badawy alicheka, akakata simu. Lakini alijua zulia lile lilikotoka.

Vuli ile ya 2014 alikuwa amezunguka maduka ya sakafu kwa majuma mawili. Mbao, alisema, ni za watu wenye adabu. Vigae watavipasua kwa vinu vya kutwangia sombe, hicho kisamvu chao. Plastiki ya kubandika wataikwangua kwa kuburuta vitanda. Kila alichokitazama alimwona mpangaji amesimama juu yake, akamdharau, akakirudisha.

Kisha msikiti wake ukabadilisha zulia. La zamani lilikuwa lingali zima, na jamaa walimkabidhi alipeleke mji wa Savage, kwa Waislamu wachache waliokuwa wakisali juu ya saruji tupu katika bohari ya kukodi. Yeye alilipeleka Hopkins. Watu wa Savage akawaambia limeozeshwa na maji. Na ili asiongeze kipande, aliligeuza upande likaenea chumba, hata mihrabu ndogo zilizofumwa, moja kwa kila mwenye kusali, zikaelekea mlango wa choo.

"Watajuaje?" alisema. "Wakristo wa Kongo!"

Sasa Ijumaa ilikuwa inakuja, na Ijumaa hiyo jamaa walikusudia kumteua awe msimamizi wa mali ya wakfu. Habari ya zulia ikitoka, cheo kimekwenda, na safu ya mbele imekwenda. Ndiyo sababu alimwita Mwalimu Faiz wa Inver Grove Heights, msomaji wa dua aliyefundisha watoto Kurani. Si kwa kumcha Mungu, bali ili mdomo wa Ernestine ufungwe.

Walifika saa kumi na nusu alasiri, jua la Desemba likitua. Ernestine alikuwa mlangoni, miguu mitupu.

"Tunavuaka viatu sasa," alinong'ona. "Tangu tuanze kuvua hawatusumbui. Wanapita tu."

"Nani hao?" aliuliza Mwalimu Faiz.

"Wenye kujipanga."

Badawy alisonya, akaingia na buti zake.

Mwanga ulikufa dirishani. Harufu ya udi ilipanda kutoka chini. Zulia likabonyea mahali pawili, kama magoti mawili yametua, kisha pawili pengine kando yake, kisha safu nzima, na nyuma yake safu nyingine, si kwa kufuata mistari aliyoipanga yeye bali kwa kuikata upande, zikikipa choo mgongo na kuikabili kona ya dirisha, ambako Badawy alijua vyema, ingawa ulimi wake usingekiri, kwamba ndiko Kibla. Na pamoja na hayo ukasikika msuguo wa nguo nyingi zisizoonekana, na pumzi za watu wengi wakiinama kwa pamoja, na baridi ikampanda kupitia nyayo za buti hadi kiunoni, na aliporudi nyuma atoke akakuta mabega, bega kwa bega, yasiyompisha.

"Zulia hili limetoka wapi?" Mwalimu Faiz aliuliza kwa sauti ya chini.

"Dukani."

"Badawy bin Athman, nakuuliza mara ya pili."

"Dukani, nimesema!"

Mwalimu alivua viatu vyake, akamvuta kwa mkono hadi nje.

"Hao hawafukuzwi. Wamefuata mahali pao pa kusalia. Lirudishe kwa wenyewe, na useme kwa kinywa chako ulilolifanya. Mama huyu hawana neno naye."

"Jini wa kuswali anitishe mimi?" alisema Badawy, meno yakigongana.

Kesho yake alilikatakata kwa kisu, akalitupa jaani, akatandika plastiki duni kuliko zote. Nyumba ya Ernestine ikatulia siku ile ile. Hata hivyo yeye na watoto waliendelea kuvua viatu mlangoni.

Ijumaa Badawy aliteuliwa. Alisimama safu ya mbele, kifua mbele, lakini wa kulia alisogea, na wa kushoto alisogea, kila mmoja akifuta bega kama aliyeguswa na barafu. Aliposujudu, zulia jipya lilimnukia udi.

Baada ya sala watu waliizunguka rafu ya viatu wakichukua vyao. Vya Badawy havikuwapo.

"Mista Badi, vyako mbona umeviacha nje?" mmoja alimtania.

Alichungulia. Vilikuwa thelujini, vimepangwa sawasawa, ncha zikielekea barabarani.