Makopo ya Vifungo

Kila siku baada ya masomo, Bibi Mdogo alipitia kwa Kiroboto kabla hajafika kwao. Jina la Kiroboto lilitokana na kutotulia, na kutotulia huko ndiko kulikomwangusha kutoka ukutani akavunjika mguu. Rafiki yake aliitwa Bibi Mdogo kwa sababu aliongea polepole kama mtu mwenye wajukuu.

"Hodi!"

"Karibu mwanangu. Mgonjwa wako huyo, amenuna tangu asubuhi," mama yake Kiroboto alijibu, bila kuacha kukanyaga cherehani. Chumba chao kilikuwa cha kulala na cha ushonaji pia, na vitambaa vilitapakaa hadi kitandani.

"Leo tumeanza viwakilishi vya Kiingereza," Bibi Mdogo alisema. "Maneno yanayosimama mahali pa majina. Yana aina nyingi."

"Nyingi? Basi mimi nimekwisha!" Kiroboto alijifunika shuka usoni.

Bibi Mdogo aliangaza macho chumbani. Akamwomba mama makopo matupu ya vifungo, vipande vya kitambaa na chaki ya kushonea. Aliandika neno moja kwenye kila kipande. "I", "she" na "they" yalikuwa ya kopo la nafsi. "Mine" na "hers" la umiliki. "This" na "those" la kuonyesha. "Who" na "what" la kuuliza. Kazi ya Kiroboto ilikuwa kutupia kila neno katika kopo lake.

Kiroboto alitupa "myself" kwenye kopo la umiliki. "Si ni yangu mimi?"

"Taratibu, mjukuu wangu. Ukijikata na mkasi, nani kakata?"

"Mimi."

"Na nani kakatwa?"

"Mimi huyo huyo!"

"Basi hilo lina kopo lake, la kujirejea."

Mama aliinua gauni la mteja. "Na hili la nani?"

"It is hers!" Kiroboto alipaza sauti.

"Hers au yake, mradi mwenyewe aje alichukue, limenijazia nafasi," mama alisema, wote wakaangua kicheko. Siku hizo Kiroboto alisahau kabisa maumivu ya mguu.

Plasta ya mguu ilipotolewa, Kiroboto alirudi shuleni na kukuta jaribio la viwakilishi. Akawa wa kwanza. Mwalimu wa Kiingereza alishangaa. "Hebu tuambie, umewezaje nawe ulikuwa kitandani?"

Darasa zima liligeuka kumtazama. Sifa zilimpanda kichwani. "Nilijisomea mwenyewe, mwalimu. Nilibuni mchezo wa makopo."

"Hongera sana! Kesho ulete makopo hayo uwafundishe darasa la tano."

Bibi Mdogo aliinamia dawati lake. Kengele ilipolia, aliondoka bila kumngoja.

Nyumbani, mama alikuwa amemaliza kushona mkoba mzuri wa shule. "Mpelekee Bibi Mdogo. Mtoto yule alikuwa anatoka shule na njaa yake, anakuja kwako kwanza. Sijui tungemshukuru vipi."

Kiroboto alilia, akamweleza mama yote. "Mama, nenda wewe ukaniombee msamaha. Hatanitaka tena."

Mama alimfuta machozi, lakini alikataa. "Uongo uliusema mwenyewe, mwanangu, mbele ya watu. Ukweli nao kauseme mwenyewe, mbele ya watu hao hao."

Asubuhi, mwalimu alipokuwa akiwapanga wanafunzi watoke kwenda darasa la tano, Kiroboto alisimama. Aliyaweka makopo mezani pa mwalimu.

"Mwalimu, jana nilidanganya. Mchezo wa makopo ni wa Bibi Mdogo. Alikuja kunifundisha kila siku nilipokuwa mgonjwa. Bila yeye nisingejua hata kiwakilishi kimoja." Akamgeukia rafiki yake na kumpa mkoba. "Huu ameushona mama, anasema asante. Na mimi nasema asante, ambayo nilipaswa kuisema jana. Nisamehe."

Bibi Mdogo aliugeuza mkoba huku na huku, akajaribu zipu yake. "Jana uliniumiza," alisema. "Nililia njia nzima." Kisha akauvaa begani. "Haya, twende tukafundishe. Lakini 'myself' nitaifundisha mimi, wewe utawapoteza watoto wa watu!"

Kiroboto alicheka huku machozi yakimtoka. Hakuwahi kufurahia utani kiasi hicho.

Mwalimu aliwakabidhi makopo wote wawili. "Wanafunzi wangu," alisema, "kila mmoja wetu amesaidiwa na mtu. Mimi mwenyewe nilifundishwa kusoma na dada yangu. Kusaidiwa si aibu hata kidogo. Aibu ni kumficha aliyekusaidia. Leo mkirudi nyumbani, kila mmoja amtafute mtu mmoja aliyemsaidia, amwambie asante, na mtu huyo aisikie."

Kiroboto alimshika Bibi Mdogo mkono, wakatoka.