Mikono ya Bibi Batma

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule mjini Kochkor, Burulai alimnywesha bibi yake chai ya maziwa, kisha akamwinua kitini. Bibi Batma alikuwa na ugonjwa wa usahaulifu, na tangu avunjike nyonga alipewa fremu ya chuma ya kutembelea. Kila siku aliishangaa kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

Majira ya kuchipua yalipoanza, familia ikijiandaa kuhamia malisho ya mlimani kwa kiangazi, Baba Mkubwa Taalai alileta habari chungu. "Mwaka huu Mama abaki. Kule malishoni sote tunashinda na kondoo. Kama hawezi kusimama mwenyewe, nani atamwinua?"

Burulai aliumia sana. Tangu Bibi azaliwe, hakuwa amekosa kiangazi hata kimoja mlimani.

"Anaweza kujifunza," muuguzi Zuura, aliyekuja kumwangalia Bibi, alimwambia Burulai. "Tatizo ni nyinyi na adabu zenu. Akijitikisa tu, mmeshamrukia! Mfundishe kwa maneno yaleyale kila siku, wala usimuulize kama anakumbuka."

Basi Burulai akafunga mikono nyuma. "Bibi, shika kiti. Sukuma. Simama. Sasa shika chuma."

"Mtoto gani huyu asiye na haya!" Bibi alifoka mbele ya wageni. "Mimi nahangaika, yeye ananitumbulia macho!"

Burulai alitamani ardhi immeze. Hata hivyo hakuacha, asubuhi na jioni, mpaka theluji ikayeyuka.

Siku ya safari Taalai alikuja kuaga, naye Zuura alikuwapo. Bibi alikuwa kwenye nafasi yake ya heshima, mbali na mlango. Bibi alipotaka kutoka nje, Taalai alichupa kumsaidia.

"Baba Mkubwa, usimguse!"

Bibi alishika kiti, akasukuma, akasimama. Kisha akakamata chuma na kujikongoja hadi mlangoni.

"Nani kakufundisha, Mama?" Taalai aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Kunifundisha nini? Na hili lichuma ni la nani?"

Nyumba nzima iliangua kicheko. Burulai naye alicheka, ingawa moyo ulimchoma kidogo.

Zuura alimkumbatia. "Kichwa chake kimesahau, mwanangu, lakini mikono yake imesoma. Kumheshimu mzee si kumfanyia kila kitu. Mvumilie afanye anachoweza, hata kama hatakumbuka kukushukuru."

Nje, Taalai alikuwa ameshapanda juu ya lori. "Burulai!" aliita. "Leta na kiti cha bibi yako, tunaondoka nacho!"