Waya wa Ardhi

Haya yalimpata Masila Ndambuki, mpiga gitaa, mpangaji wa Kinoo, na jina lake limetajwa kamili kwa sababu mwenyewe aliridhia. Yalianza mchana, jua likiwaka, watu wakila nyama choma Kenyatta Market kama siku nyingine yoyote.

Masila alikuwa ameketi katika kibanda cha Obuya, fundi wa redio na magitaa, kilichobanwa kati ya saluni mbili. Gitaa lake lilikuwa mezani. Kila mashine ya kukausha nywele ilipowashwa ng'ambo ya ukuta, spika ilizidi kuvuma.

"Hii gitaa yako imemeza mzinga wa nyuki, bana," Obuya akasema.

"Usicheke. Prodyusa amesema nikimtumia rekodi ingine na hiyo kelele, kazi anampa Nthiwa."

Kazi yenyewe ilikuwa albamu nzima ya kwaya. Masila alikuwa ameingoja nafasi kama hiyo miaka, na sasa mkewe, Kavutha, alikuwa mjamzito. Vidole vyake vya mkono wa kushoto ndivyo vilivyokuwa shamba lake. Hakuwa na jingine.

Obuya akamwonyesha chini ya nyuzi, kwenye pikapu, ile sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba ambayo ndiyo hunasa sauti.

"Hii yako ni ya koili moja. Koili moja ni sikio bila adabu. Inaskia nyuzi, sawa, lakini inaskia pia balbu, friji, transfoma, na hizi dryer za akina mama."

Akatandika karatasi ya shaba ndani ya tundu la gitaa, akaichomelea kwa risasi. Mvumo ukapungua, lakini haukuisha.

"Kwako kuna earth, waya wa kushukisha stima ardhini?"

"Kwa ploti ya Kinoo? Hata rangi hakuna."

"Basi shida ingine iko hapo. Nunua fimbo ya shaba, uipige chini nje ya dirisha, uvute waya mpaka kwa soketi. Tafuta udongo laini, umwagie maji ya chumvi. Hiyo kelele itazikwa."

Mwenye ploti alikuwa bibi mzee aitwaye Wangu. Alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha kila mahali, hadi ukingoni mwa barabara, isipokuwa kipande kimoja cha ardhi nyuma ya dirisha la Masila. Hapo hapakuwa na chumba, wala kamba ya nguo, wala shina la sukuma wiki. Mzaliwa wa Kinoo angejiuliza kwa nini ardhi ya thamani namna ile iachwe bure. Masila alizaliwa Mwala, Ukambani. Yeye aliona udongo laini tu.

Fimbo iliingia bila taabu. Alipiga nyundo, ikazama. Akapiga tena, ikazama. Kisha akainua nyundo, na kabla haijatua, fimbo ikashuka yenyewe kiasi cha upana wa kidole.

Alijiambia kuwa chini palikuwa na uwazi. Akamwaga maji ya chumvi. Udongo ukayanywa yote, ukabaki mkavu.

Alipowasha amplifaya, mvumo haukuwapo. Haukuwa umepungua, haukuwapo kabisa. Hata ule mnong'ono mdogo ambao kila spika huwa nao ulikuwa umekatika. Akapiga nyuzi, na sauti ikatoka safi kama maji ya mtungi.

Kavutha akachungulia kutoka nje, beseni la nguo kiunoni. "Sasa hiyo ndiyo gitaa! Nthiwa atafute kibarua."

"Arudi kwa kuuza mayai," Masila akajibu, na wote wawili wakacheka.

Akarekodi wimbo wa kwanza, akarekodi wa pili. Katika wa tatu ndipo alipoanza kuhisi baridi. Haikutoka dirishani. Ilitoka kwenye nyuzi, ikaingia kwenye ncha za vidole, ikapanda hadi kiwikoni.

Akaacha kupiga, mkono ukiwa bado umetulia juu ya nyuzi.

Nyuzi zikambana.

Zilimbana kidogo tu, kwa upole, kama mtu uliyemshika mkono kumsalimu, naye akaujibu.

Masila akavuta vidole. Havikuja. Akavuta tena. Nje, Kavutha alikuwa akianika nguo huku akiimba. Masila alitaka kumwita. Ulimi ulikuwa mzito.

Spika ikapumua.

Kisha ikauliza, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu ambaye hajasema kitu kwa muda mrefu: "Nĩwe ũ?"

Kikuyu cha Masila kilikuwa cha dukani tu, lakini hayo aliyajua. Wewe ni nani? Na Masila alikuwa amelelewa vyema. Akiulizwa jina na mtu mzima, hulitaja.

"Masila," akanong'ona. "Masila wa Ndambuki."

Vidole vikaachiliwa.

Alipotoka nje alimkuta Wangu amesimama kando ya fimbo, mkono kinywani.

"Nani alipiga hii kitu hapa?"

"Ni mimi, shosho. Ni ya stima. Hapa kuna nini?"

Wangu alitazama huku na huku kabla ya kujibu, naye akajibu kwa kunong'ona.

"Kuna mtu. Baba yangu alimtoa kwa mtaro wakati wa Emergency ya mkoloni, akamzika. Hakuwa na kipande, ile karatasi ya kuonyesha jina. Hakuna mtu alikuja kumuulizia. Mpaka leo hatujui tumuite nani." Akamsogelea. "Amekuongelesha?"

"Hapana, shosho."

"Ni vizuri. Baba alituambia, huyo akikuuliza jina, usimpe. Yeye hana yake, atachukua yako."

Masila aliing'oa fimbo kwa mikono miwili, na safari hii ilimbidi apambane nayo.

Prodyusa alizipenda zile nyimbo, akampa kazi. Lakini bila fimbo mvumo ulirudi, na albamu ilikuwa bado haijakamilika. Kwa hiyo Masila akarudi Kenyatta Market, Kavutha akiwa naye, wameshikana mikono.

Obuya akachomeka gitaa. Mashine za saluni zilikuwa zimewashwa, na spika ikanguruma.

"Kwanza tupime waya wa earth wa nyuzi," Obuya akasema. "Kama ni mzima, mtu akigusa nyuzi kelele inapungua. Mwili ndio unaimeza. Ona." Akagusa. Mvumo ukashuka. "Jaribu, mama."

Kavutha akanyoosha mkono ulio huru. Mvumo ukashuka tena.

"Waya uko sawa. Sasa wewe, Masila."

Spika ikaendelea kunguruma.

"Shika, bana."

"Nimeshika."

Obuya akainama. Vidole vyote vya Masila vilikuwa juu ya nyuzi, vimezikandamiza hadi kucha zimekuwa nyeupe. Mvumo ulikuwa vilevile, kama gitaa ambalo halijaguswa na mtu.

Obuya akazima amplifaya bila kumtazama usoni. Naye Kavutha, ambaye alikuwa bado ameushika mkono wa mumewe, akauachia polepole.