Spika Alipoondoka Kitini

Korido ya bweni la wasichana ilijaa ndoo na makelele. Maji yalikuwa yamekatika, na Waziri wa Malazi wa serikali ya wanafunzi, kijana mrefu ndani ya koti la kuazima, alikuwa akijieleza mpaka jasho linamtoka. Binti mmoja mwenye gauni la njano na povu kichwani akamuuliza kama yeye ni waziri wa malazi au waziri wa maelezo. Watu wakaangua kicheko. Waziri akacheka kuliko wote, na hapo ndipo alipokwisha kwa binti yule.

Mwaka uliofuata binti akachaguliwa Spika wa bunge la wanafunzi, mambo yakawa magumu. Waziri huteuliwa na rais wa wanafunzi, lakini bunge ndilo linalomhoji, na likichoka linamng'oa. Sasa Spika apendane na waziri, watu watasemaje? Wakapendana kwa kujificha. Kwenye simu waziri alikuwa "roho yangu", bungeni alikuwa "mheshimiwa, keti". Ilimuuma, jamani. Alianza kujiuliza kama mwenzake analinda kiti au anamwonea haya.

Maji yalipokatika tena, wabunge wakaleta hoja ya kumwondoa waziri. Kwa utaratibu wao, anayejadiliwa husubiri nje mpaka aitwe kujitetea. Akasubiri, tai imemkaba, akijipa moyo kwamba walau ataingia amwone mpenzi wake. Alipoitwa, kitini alikuta Naibu Spika. Binti hayupo, kamkimbia mchana kweupe. Akajitetea hovyohovyo, kura zikapigwa, akaponea chupuchupu, wala hakufurahi. Jioni nzima binti alimpigia simu, na yeye akaiangalia tu ikiita.

Kesho yake kantini, mbunge wa kitivo cha uhandisi, aliyetaka waziri ang'olewe, akamgonga begani.

"Shemeji, pole na ya jana."

"Shemeji kivipi?"

Mbunge akamshangaa. Kumbe hajui? Kabla hoja haijasomwa, Spika alisimama akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba hawezi kuongoza kikao kinachomhukumu mtu anayempenda. Akavua joho, akatoka kwa mlango wa nyuma, maana kanuni haimruhusu mwenye maslahi hata kubaki ukumbini. Na sasa wapo wanaotaka na yeye aondoke kwa kuwaficha muda wote huo.

Waziri aliacha chakula kikifuka moshi. Alimkuta kwenye ngazi za maktaba, macho mekundu, kitambaa cha kichwa kimefungwa ovyo.

"Kwa nini hukuniambia kabla?"

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo. Watakunyang'anya kiti."

"Wakinyang'anye. Viti viko vingi hapa chuoni," akasema. "Mimi nililia kwa sababu hukupokea simu. Nikajua nimekupoteza."

Waziri akaketi ngazini kando yake. Akamwomba radhi, alimdhania vibaya, alidhani ameona aibu. Binti akamwambia ni mjinga, tena mjinga sana, na akacheka huku akijifuta machozi.

Wanafunzi walikuwa wakipanda na kushuka ngazi. Waziri akanyoosha mkono. Binti akatazama kushoto na kulia kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba hakuna tena wa kufichwa, akaushika.