Aliyeitikia Jina la Ladislaus

Waimbaji walikuwa wanne, lakini kiitikio kilitoka na sauti tano.

Sia ndiye aliyeisikia kwanza, maana masikio ndiyo yaliyomlisha tangu aondoke Moshi. Alikuwa amesimama ufukweni mwa kisiwa cha kwanza, nyayo zimezama mchangani, na mbele yake wageni kumi na wanane wakipiga makofi kwa juhudi kubwa na bila mapigo. Akageuka. Mumewe, Glody, alikuwa na gitaa lake jekundu. Papa Pierre-Claver, kiongozi wa bendi, alikuwa kwenye besi. Jecha, Mpemba wa watu, alikuwa kwenye ngoma. Nyuma yao hapakuwa na kitu ila vichaka na jua la saa tatu. Hata hivyo sauti ya tano iliendelea, nyembamba, safi, wala haikuvuta pumzi mahali ambapo kila mwenye mapafu huvuta.

"Umeongeza sauti, Kaka Jecha?" alimuuliza wimbo ulipokwisha.

"Mie? Hii yangu moja yenyewe yanishinda, shemeji. Nyingine niitoe wapi?"

Ilikuwa Desemba ya mwaka 1998. Watu fulani wa Durban walikuwa wamebuni likizo ya muziki na meli ya matanga: siku kumi kutoka Durban hadi visiwa vya Msumbiji, bendi humohumo melini, asubuhi muziki, jioni muziki, mpaka mgeni ajute. Siku hiyo ya tano ilikuwa ya visiwa vitatu, kimoja asubuhi, kimoja adhuhuri, kimoja alasiri, vyote vidogo na hakuna hata kimoja kilichokaliwa na mtu.

Bendi ilikuwa na siri yake. Glody, mtu wa Uvira, alikuwa na karatasi ya ukimbizi tu, ile ambayo ukivuka nayo mpaka umejifungia mlango mwenyewe. Kwao vita vilikuwa vimeanza upya Agosti ile. Basi akaazima pasipoti ya Ladislaus, rafiki yao Mtanzania aliyekuwa akichanganya rangi katika kiwanda kimoja mtaani Jacobs, humohumo Durban, mtu asiyejua kusema hapana. Picha ilikuwa ya zamani, na afisa wa bandarini aliitupia jicho mara moja tu. Msishangae. Durban ya siku zile pasipoti nzuri ilikuwa kama sufuria kubwa, huzunguka mtaa mzima siku za shughuli.

Kabla ya kuondoka kwenye kisiwa chochote, Sébastien, baharia wa Morisi aliyeshika orodha, alisimama mchangani akaita majina yote ishirini na mawili, wageni na wapigaji, asiachwe mtu.

"Ladislaus!"

Glody alikuwa na chungwa mdomoni. Na zaidi ya chungwa, alikuwa amesahau kwamba Ladislaus ndiye yeye.

"Nipo," sauti ikajibu nyuma yake. Ilikuwa sauti ya Glody mwenyewe, pamoja na kile kikwaruzo chake. Sébastien akatia alama.

Glody akameza, akacheka. "Mutu gani amenijibia? Aksanti, ndugu yangu. Uendelee vile vile, mi nitakuwa nakula tu."

Jecha alikuwa akifunga ngoma zake. Mikono ikasimama juu ya kamba, na hakuifunga tena mpaka Sia alipomsaidia.

Kisiwa cha pili walikifikia jua likiwa utosini. Wakapiga nyimbo sita, na katika zote sita sauti ile ilikuwamo, sasa karibu zaidi, ubavuni mwa Glody. Pakawa na harufu pia, harufu ya kisima kilichofunikwa miaka mingi, mahali ambapo hapakuwa na kisima wala tone la maji baridi. Sébastien alipofika kwenye jina la Ladislaus, jibu lilitoka katikati ya wageni, la haraka, la furaha, kama la mwanafunzi anayetaka kusifiwa. Glody alikuwa amefungua mdomo; akaufunga. Baada ya majina Sébastien alihesabu vichwa, akapata ishirini na vitatu. Akahesabu tena, ishirini na viwili. Akavua kofia, akajifuta jasho, akalaumu jua.

Melini, Jecha aliwaita nyuma ya mlingoti.

"Kwetu Micheweni," akasema kwa sauti ya chini, "kwenye kisiwa kisichokaliwa mtu haitwi jina. Waita 'wee,' wapiga mluzi, wamtupia kijiwe. Jina hulitaji. Na likishatajwa, ajibu mwenyewe, upesi. Sasa hili la Ladislaus mwenyewe yuko Jacobs, na huyu Glody kalivaa tu. Nyumba haina mtu, mlango wazi, na Glody kasimama kizingitini akasema karibu."

"Nilikuwa nacheka tu," Glody akanong'ona.

"Weye wacheka. Huyo jini kaambiwa aendelee." Jecha akainua vidole viwili. "Keshajibu mara mbili. Akijibu ya tatu limekuwa lake, na aliyekuwa amelivaa atabaki pale alipovuliwa."

"Tufanye nini?" Sia akauliza.

"Aseme jina lake la kweli mbele ya mwenye orodha. Lifutwe lile."

Papa Pierre-Claver akashtuka kuliko alivyoshtushwa na jini. "Mukisema, kwisha! Kapiteni atatupeleka kwa polisi pale bandarini, pale Point. Glody watamurudisha kwenye vita. Mama Sia, unataka bwana yako akufe Uvira?"

Sia hakutaka. Na hapo ndipo alipokosea, wala tusimhukumu, maana alikuwa akimpenda na aliogopa. Alisema, "Tunyamaze. Kisiwa kimoja tu kimebaki. Glody, ukiitwa, jibu kabla jina halijamalizika."

"Nitajibu, chérie. Naapa."

Kisiwa cha tatu kilikuwa fungu la mchanga lenye vichaka viwili, kitu ambacho maji yakijaa hubaki mgongo tu. Walipiga muziki huku bahari ikianza kupanda. Sia aliimba bila kujua anaimba nini, macho hayatoki kwa mumewe, na harufu ya kisima ilikuwa nzito kiasi kwamba mgeni mmoja wa kike alifunika pua kwa kitambaa. Kisha Sébastien akafungua orodha. Glody akasimama mbele ya watu wote, mdomo tayari.

"Ladis—"

"Nipo!" zikajibu sauti mbili, pamoja, kwa kikwaruzo kimoja.

Sébastien akatia alama moja. Upepo ukavuma mchanga, watu wakafumba macho, na Sia alipofumbua Glody alikuwa kando yake, akitabasamu, akimpa mkono kumpandisha kwenye boti la mpira. Alishika mkono ule. Mawimbi yalikuwa yamewalowesha wote hadi viunoni, lakini mkono ule ulikuwa mkavu, mkavu wa kitambaa kilichokaa sandukuni.

Melini walihesabiwa tena. Ishirini na mbili kamili! Sébastien akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Papa Pierre-Claver akamshukuru Mungu kwa Kifaransa, injini ikanguruma, nanga ikapanda, na wageni wakataka wimbo.

Waliimba. Sia akasikiliza kwa masikio yale yale yaliyomlisha, akaitafuta sauti ya tano akaikosa. Zilikuwa nne, zimekaa mahali pake, nzuri ajabu, na uzuri huo ndio uliomsimamisha nywele, kwa sababu Glody, kwa miaka mitatu ya ndoa na mazoezi ya kila Jumamosi katika kile chumba chao cha Overport, hakuwahi hata siku moja kuingia kwenye kiitikio kwa wakati, alichelewa kila mara kidogo tu, na kila mara alimkonyeza mkewe kuomba radhi, na huyu aliyekaa kwenye kiti chake akiwa mikono mitupu, bila gitaa, hakuchelewa wala hakukonyeza wala hakuvuta pumzi.

Akamwinamia sikioni. "Glody," akaita.

Hakugeuka.

"Glody, mume wangu."

Macho yalitazama bahari.

"Ladislaus," Sia akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuisikia vizuri.

Kikageuka chote kwa pamoja, kichwa na mabega na kiwiliwili, kikatabasamu. "Nipo," kikasema.

Alirudi kinyumenyume hadi kwenye ukingo wa meli. Kule nyuma, kwenye fungu la mchanga lililokwisha kuwa jembamba, mtu alikuwa akiruka na kupunga kitu chekundu juu ya kichwa. Kitu kile kilikuwa gitaa.

"Rudini!" akapiga kelele. "Tumemwacha mtu!"

"Hesabu iko sawa, mama," Sébastien akasema.

"Mama Sia, nyamaza," Papa Pierre-Claver akamnong'oneza, akimvuta nguo, uso umempauka. "Glody si iko hapa? Angalia! Iko hapa!"

Jecha alikuwa amempa mgongo yule aliyekaa kitini na midomo yake ilikuwa ikitembea katika dua.

Sia aliiona Uvira aliyosimuliwa usiku mwingi, nyumba isiyo na paa, na mashemeji aliokuwa hawajui ila kwa picha. Kisha akalitazama lile gitaa linalopungwa na maji yanayopanda. Akamnyang'anya Sébastien orodha, akaipeleka mpaka kwa nahodha, mzee wa Kizungu aliyekuwa kwenye usukani, akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuunga kwamba mume wake hakuitwa Ladislaus, hajawahi kuitwa Ladislaus, ni mkimbizi, anaitwa Glody, walidanganya, wampeleke polisi akipenda, wampeleke na yeye, lakini afute jina hili sasa hivi na aandike la kweli, na ageuze meli, kwa sababu Glody yuko kule mchangani na yule pale si mtu.

Nahodha alitazama kule alikooneshwa. Kisha akachukua kalamu, bila swali, akafuta, akaandika.

Kitini pale pakasikika sauti ndogo ya pumzi, ya kwanza siku ile, ndefu, ikivutwa ndani. Watu waligeuka. Kiti kilikuwa kitupu, na kilikuwa kikavu.

Walimkuta Glody maji yakiwa kifuani, gitaa kichwani. Midomo ilikuwa imepasuka kwa chumvi, na ndevu, ambazo alikuwa amezinyoa asubuhi ile, zilikuwa zimeota.

"Siku tatu nawaita," akalia kifuani mwa mkewe. "Siku tatu, Sia. Mulikuwa munanitazama tu."

Sia alimkumbatia, akamwita jina lake, na kila alipoitwa aliitika, akichelewa kidogo. Hakuna muziki mwingine uliopigwa safari ile. Wageni hawakudai.

Point waliifikia siku tano baadaye. Nahodha alikuwa na haki ya kumtoa Glody kwa maafisa, na Sia alikuwa amekwisha kumfungia nguo zake. Lakini Sébastien, kwa ruhusa ya nahodha, alimrudishia Sia pasipoti mkononi. "Mpitishe nayo kama mlivyotoka," akasema. "Mimi nilihesabu ishirini na mbili, na sitaki kuulizwa ni akina nani. Ila pasipoti hii msikae nayo. Irudisheni leo."

Waliirudisha leo hiyo hiyo. Hata Overport hawakupita. Walipanda taksi hadi Jacobs, wakashuka kwenye robot, zile taa za barabarani, wakatembea wameshikana mikono mchana kweupe kati ya magari ya mizigo. Hofu ilikuwa imeanza kulegea. Sia alikuwa hata amewanunulia wenyeji wao matunda, maana mtu harudishi cha kuazima mikono mitupu.

Ladislaus alifungua mlango kabla hawajabisha. Alikuwa amekonda, macho mekundu, na kidole chake kilikuwa tayari juu ya midomo.

"Msiniite jina," akanong'ona. "Tafadhali. Nimeacha hata kwenda kazini, sababu foreman anaita majina asubuhi. Tangu Alhamisi jioni. Eish, mmenifanyia nini kule?"

Sia akahesabu. Alhamisi jioni ndipo nahodha alipofuta orodha. Walikuwa wamelivua jina kwa Glody, na hakuna hata mmoja, si Jecha na maarifa yake ya Micheweni, si yeye na mapenzi yake, aliyefikiri lingeenda wapi likishavuliwa. Glody akatazama chini. Ilitoka harufu ndani ya nyumba ile, ya kisima kilichofunikwa.

"Mkeo anajua?" Sia akauliza.

"Doris haamini. Anasema ni homa."

Na jikoni, kwenye kishindo cha vyombo, Doris akapaza sauti: "Ladislaus! Nani huyo mlangoni?"

Ladislaus aliuziba mdomo wake kwa mikono yote miwili.

"Nipo," sauti ikajibu chumbani, yenye kikwaruzo kile, ya furaha. "Ni ndugu yangu amekuja. Yule aliyenikaribisha."