Tundu la Saba

Jumamosi hiyo duka la vipuri vya boti lilijaa watu pomoni. Mwalimu wa hesabu, shati lake jeupe limenyooshwa pasi mpaka mikononi, alikuwa ameshika valvu ya shaba inayong'aa.

"Rudisha, kaka," alisema dada mmoja aliyevaa ovaroli ya buluu na kilemba cha manjano. "Hiyo ni ya bafuni. Maji ya chumvi yataitafuna."

Alikuwa fundi wa boti. Mwalimu alisahau alichokuja kununua.

Kesho yake mwalimu akampeleka fundi kwenye boti yake ndogo ya matembezi, iliyopandishwa juu ya magogo. "Ina matundu sita ya kupitisha maji," alisema. Fundi akainua mbao za sakafu, akapiga magoti, akajaribu valvu ya kila tundu, akafunga kizibo cha mti pembeni yake kwa kamba. "Valvu ikikatika, unapigilia hiki tunduni." Jamani, mikono ile! Mwalimu alibaki kuduwaa.

Zikafuata wiki sita za simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula grisi."

Siku ya kushusha boti majini, mama yake mwalimu na shangazi zake wawili walifika na vitenge vipya. Fundi alizunguka boti, akihesabu kwa kidole.

"Nje saba, ndani sita. La saba liko wapi?"

Lilikuwa nyuma ya kabati la sinki. Mwaka jana mwalimu alilifungia mwenyewe valvu ya bafuni, akaona haya kusema.

"Umehesabu vibaya," alijibu.

Fundi akaokota mkoba wa spana. "Ungesema hujui, ningekufundisha. Unataka kumpandisha mama yako humu?" Akaondoka.

Mwalimu alivuta kabati, akaizungusha valvu. Ikakatika mkononi kama biskuti. Akawaendea mama na shangazi, akasema yote, kisha akampigia fundi simu.

"Imekatika. Nilikudanganya ili unione najua."

"Mmeshusha boti?"

"Hapana. Nimewaambia kosa ni langu."

"Mbele ya shangazi zako?"

"Wote wawili. Mmoja bado anasonya."

Fundi akacheka, ingawa hakutaka.

Alasiri alirudi na valvu nzito ya baharini. Walijibana nyuma ya sinki, mwalimu akishika tochi, akimpenda mpaka basi.

"Utakubali nikuoe?"

"Kuna kingine umenificha?"

"Nakoroma."

Fundi akampa spana. "Kaza hiyo nati, mume wangu. Nataka kuona."