Lea wa Moroni

Vichochoro vya Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, havina adabu. Viliwakutanisha Djouhara na Idarousse uso kwa uso asubuhi ya soko, mmoja na beseni la vitumbua kichwani, mwingine na mkoba wa ofisi ya forodha kwapani, na nyuma ya kila mmoja watu wenye haraka zao.

"Rudi nyuma, kaka," alisema Djouhara.

"Kwa nini nirudi mimi?"

"Mimi nimebeba chakula. Wewe umebeba karatasi."

"Basi niuzie viwili, mzigo upungue, tupite."

Watu wakacheka. Idarousse, mtu wa Moroni mwenye shati lililopigwa pasi kali, alivila palepale amesimama, huku akimtazama msichana aliyejitanda shuka jekundu la shiromani. Kesho yake akarudi, na keshokutwa.

Djouhara alikuwa Sabena, jina walilopachikwa Wakomoro waliorudishwa kutoka Majunga, Madagaska, kwa ndege za shirika la Sabena baada ya fujo za kuuawa Wakomoro kule. Mama yake, Mmalagasi Mkristo, alibaki kule. Alimwachia binti ufundi wa vitumbua na hadithi za Biblia alizokuwa akizisimulia huku akimimina unga kaangoni. Hapa, kwenye mji wa Waislamu, Djouhara hakuzitangaza. Alisali kimya mbele ya moto. Mafuta yakipungua alimkumbuka mjane wa Sarepta, ambaye chupa yake haikukauka. Majirani wakimwita mgeni alimkumbuka Ruthu, na siku ilipita.

Idarousse alipenda hadithi ya Yakobo, aliyemtumikia Labani miaka saba ili ampate Raheli.

"Miaka yote hiyo akaiona siku chache tu," alisema Djouhara.

"Kwa sababu hakuwa mtu wa forodha. Raheli wangu, na mimi nitakungoja hivyo hivyo."

"Unangoja nini? Mimi nipo hapa."

Idarousse akachukua kitumbua kingine, na Djouhara, aliyekwisha kupenda mpaka utosini, hakushtuka.

Jibu lilikuja kwa simu. Idarousse alikuwa ameitwa nyumbani Moroni, naye Djouhara akaitwa posta ya Mutsamudu, ambako foleni nzima ilitega sikio bila haya.

"Mpenzi, uko peke yako?"

"Nipo na nusu ya mji. Sema."

"Naoa. Ni ile ndoa kubwa. Roukaya, tulichumbiwa tangu utotoni. Baba yake amekwisha kumjengea nyumba, lazima niingie."

Kuingia ndiko kuoa kwa ndoa kubwa: bwana arusi huhamia nyumbani kwa mke, mji ukimsindikiza, na asiyefanya hivyo huhesabiwa mtoto hata awe na mvi.

"Ulijua siku zote?"

"Sikiliza, roho yangu. Yeye ni wa mji. Wewe ni wa moyo. Nikimaliza haya nitakuja kukuoa. Dini yangu inaniruhusu."

"Yangu hainiruhusu."

"Hata huyo Yakobo wako alikuwa nao wawili."

Djouhara akakata simu.

Tangu hapo wivu haukumwacha. Alimwona Roukaya kila mahali bila kuwahi kumwona: laini, mnene, mikufu shingoni, akicheka huku mdomo wa Idarousse uko sikioni mwake. Aliunguza vitumbua. Alifungua Biblia ya mama yake apate faraja, akajikuta anasoma kwa raha jinsi Yezebeli alivyoliwa na mbwa. Mwisho akapanda ndege ndogo ya Moroni. Alijidanganya kwamba anakwenda kumwona tu.

Uwanjani mamluki mmoja mwenye sare nyeusi, katika wale wazungu walioishika nchi tangu mapinduzi, alipekua kapu lake akaikuta Biblia.

"Ya nani hii?"

"Yangu."

Alimtazama juu mpaka chini, akairudisha. Djouhara hakuwahi kuukiri Ukristo wake mbele ya mtu asiyemjua, lakini siku ile wivu ulikuwa umeimeza hofu yote.

Nyumba ya harusi haimzuii mwanamke yeyote. Djouhara alipita katikati ya masinia na wachambua mchele mpaka chumba cha ndani. Roukaya alikuwa ameketi kitandani, uso umepakwa msindzano, liwa ya manjano, dhahabu zake zimetandazwa pembeni. Macho yalikuwa yamevimba.

"Karibu, dada. Wa upande gani?"

"Wa Mutsamudu," akajibu, na lafudhi ikamaliza mengine.

Roukaya akawaomba shoga zake watoke.

"Kumbe ni wewe. Nilidhani utakuwa mzuri zaidi."

"Na mimi nilidhani utakuwa unacheka."

"Nicheke nini? Namngoja tangu nivunje ungo. Wadogo zangu wana watoto. Juzi alikuja kumsalimu mama, akaniita kwa jina lako." Roukaya aligeuza uso ukutani. "Nakuonea wivu mpaka chakula hakipiti."

Djouhara alikuwa amekuja na maneno makali, ameyanoa njia nzima. Yakampotea. Akakaa mkekani.

"Unamjua Lea? Mke wa kwanza wa Nabii Yaakubu, yule asiyependwa?"

"Sijamsikia."

"Mungu aliona hapendwi, akampa watoto. Wa kwanza alipozaliwa akasema, sasa mume wangu atanipenda. Wa pili na wa tatu, wimbo ulikuwa ule ule. Wa nne hakumtaja mume. Akasema, mara hii nitamsifu Mungu."

"Na mume, alikuja kumpenda?"

"Haikuandikwa. Lakini alipokaribia kufa, aliagiza azikwe alikozikwa Lea."

Roukaya aliugeuza uso kutoka ukutani. Chozi lilipasua msindzano shavuni.

"Mimi siku zote niliisikia kama hadithi ya mdogo wake Raheli, aliyependwa," alisema Djouhara.

Idarousse alimkimbilia Djouhara alipotoka, akamfikia penye kona ya soko, anahema, kanzu haijafungwa vifungo.

"Umefanya nini mle ndani?"

"Nimezungumza na mkeo."

"Sema neno moja tu, Djouhara, niache yote. Tuondoke leo hii."

Ndilo neno alilolitamani tangu ile siku ya posta.

"Ungesema kabla sijamwona uso, ningekufuata mbio. Sasa siwezi kuipita nyumba ile nikafurahi."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda mpaka naumwa. Nenda kwake, Idarousse. Na usimwite tena kwa jina langu."

Ndani ya ndege ya kurudi alifumba macho asali. Wivu ulikuwa palepale, haujasogea. Alitaka kuomba nguvu, au asahau. Likaja ombi jingine, na mdomo ukalikataa. Alianza, akakwama kwenye jina la Roukaya. Ndzuani ilikuwa imeshaonekana dirishani alipojaribu tena, kwa sauti, mpaka abiria wa pembeni akamgeukia.

"Ampende Roukaya, Bwana," alisema. "Ampende kama alivyonipenda mimi."

Alilisema lote, hakulipunguza, ndipo akajiachia akalia.